Je, Yafaa Klabu Ndogo Iwe na Timu ya Pili?

Klabu ndogo ya mpira inapojitayarisha kwenda kucheza ugenini, hesabu ya kwanza inayofanywa na viongozi wake ni hesabu ya viti. Matatu ya kawaida huchukua abiria 14. Wakiisha kuingia wachezaji 11 na mwalimu wao, hubaki nafasi mbili tu kwa wachezaji wa akiba. Klabu yenye fedha hukodi gari la pili. Klabu isiyo na fedha huondoka hivyo hivyo, ikitumaini kwamba siku hiyo hapatatokea mtu wa kuumia.

Hali hiyo yajulikana sana katika Kitui na Makueni, na ndiyo maana swali la timu ya pili huleta mabishano makali kila linapotajwa katika mikutano ya klabu. Wako wasemao kwamba klabu isiyo na timu ya pili ni kama mkulima aliyekula mbegu zake. Wako pia wasemao kwamba klabu inayopata taabu kuisafirisha timu moja itakuwa imepotewa na akili ikijitwika mzigo wa timu mbili. Pande zote mbili zastahili kusikizwa, kwa sababu klabu nyingi ndogo hazifi kwa kushindwa uwanjani. Hufa kwa kukosa watu wa kuingia uwanjani.

Wachezaji huenda wapi?

Hapana budi kwanza kuitazama nchi yenyewe. Kaunti ya Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000, yaani ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda. Lakini katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 wakazi wake walikuwa 1,136,187 tu. Makueni, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, ni ndogo zaidi, na wakazi wake katika hesabu ile ile walikuwa 987,653. Timu ya Tseikuru ikitakiwa kucheza na timu ya Mutha, hutumia siku nzima barabarani, ingawa zote mbili ni za Kitui. Mvua zikinyesha, mito kama Tiva na Thwake, ambayo kwa miezi mingi huwa mchanga mtupu, huweza kufunga njia kwa saa kadhaa.

Ngazi za mpira wa Kenya nazo ni nyingi. Juu kabisa iko Ligi Kuu, chini yake National Super League, kisha Division One na Division Two, na halafu ligi za mikoa na kaunti. Klabu nyingi za Ukambani ziko katika ngazi za chini. Huko hakuna mshahara wala fedha za televisheni. Mchezaji hucheza kwa kuupenda mchezo, na aghalabu hujinunulia viatu mwenyewe.

Mtu asiyelipwa hawezi kulazimishwa. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo zinazotegemewa zaidi na wakulima wa Ukambani, zinapoanza, wengi huuacha mpira wakaenda kupanda mahindi, kunde, mtama na ndengu. Msimu wa maembe unapofika Makueni, vijana wenye nguvu hupata kazi ya kuchuma na kupakia. Wengine huenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi, au hukaa katika miji ya barabara kuu kama Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, ambako siku ya Jumapili ni siku ya biashara kama siku nyingine. Wanafunzi wa chuo kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza huweza kuipa klabu ya jirani nguvu kubwa wakati wa masomo, kisha wakatawanyika kwenda makwao siku ya kufunga chuo.

Sheria za mpira husema kwamba mchezo hauwezi kuanza wala kuendelea ikiwa timu moja ina watu wasiotimia 7. Klabu yenye wachezaji 13, ikiwapoteza 7 kwa mvua, kazi na masomo, imekwisha kuwa klabu ya karatasi. Jezi zipo, muhuri upo, mwenyekiti yupo, bali timu haipo.

Hoja za wanaoitaka timu ya pili

Wanaoitaka timu ya pili huanza na hoja hiyo ya pengo. Methali husema kwamba akiba haiozi, na kwa nafaka iliyotunzwa vizuri ghalani neno hilo ni kweli. Walakini mchezaji wa akiba huoza. Mtu akikaa pembeni ya uwanja miezi mitatu bila kucheza, pumzi yake hupungua, jicho lake husahau mwendo wa mpira, na moyo wake hupoa. Siku anapohitajiwa, klabu huona kwamba inaye kwa jina tu. Timu ya pili humpa mtu huyo michezo ya kweli, ili siku ya kuitwa awe tayari.

Jambo hili limezidi kuwa na uzito kwa sababu mchezo wenyewe umebadilika. Zamani watu 11 walioanza ndio waliomaliza. Katika mashindano ya Kombe la Dunia, ruhusa ya kubadilisha mchezaji ilianza kutumika mwaka 1970. Leo sheria huruhusu hadi wachezaji 5 kubadilishwa katika mchezo mmoja, kwa kadiri ya kanuni za kila mashindano. Klabu inayofika na watu wawili wa akiba hucheza dakika 30 za mwisho ikiwa imechoka, huku wenzao wakiingiza miguu mipya.

Hoja yao ya pili yahusu vijana. Kijana wa Kitui au Makueni akiwa katika shule ya sekondari ana uwanja, ana mpira, ana mwalimu, na ana ratiba ya michezo. Siku anapomaliza shule, vitu hivyo vyote humwondokea kwa pamoja. Akienda kwenye klabu ya mji wake huwakuta watu wazima wa miaka 25 na zaidi, wenye vifua vipana, na hapana nafasi yake. Katikati ya shule na klabu pana shimo, na wengi huangukia humo. Kijana wa miaka 17 aliyekuwa mchezaji bora wa shule huonekana baada ya mwaka mmoja akiwa amekaa sokoni, akitazama mpira wa Uingereza katika televisheni ya hotelini. Timu ya pili ni daraja la kumvusha.

Hoja ya tatu ni ya nidhamu. Mchezaji wa timu ya kwanza ajuaye kwamba hakuna mwingine wa kushika nafasi yake huja mazoezini apendapo, na humjibu mwalimu apendavyo. Akijua kwamba yuko kijana anayefanya mazoezi kila jioni katika nafasi ile ile, hujirekebisha bila kuambiwa.

Hoja za wanaoikataa

Wanaoikataa timu ya pili nao hawasemi ovyo. Wao huuliza fedha zitatoka wapi. Timu mbili hutaka jezi mbili, mipira zaidi, dawa zaidi, na nauli zaidi. Mweka hazina ambaye kila juma huzunguka madukani akiomba msaada wa nauli ya watu 14 hawezi kuambiwa atafute nauli ya watu 28.

Tena kuna uwanja na mwalimu. Katika miji mingi midogo uwanja ni mmoja, nao hutumiwa na shule, na mikutano ya hadhara, na pengine na mifugo. Mwalimu wa klabu ndogo ni mtu mwenye kazi yake, afundishaye mpira kwa hisani jioni akitoka kazini. Akigawanywa kati ya timu mbili, timu zote mbili humkosa.

Hatari nyingine ni fitina. Timu ya pili isipotunzwa huona kwamba inadharauliwa. Hupewa jezi zilizochakaa, hufanya mazoezi giza likiingia, na mchezaji wake mzuri hunyakuliwa bila neno la shukrani. Ndipo hutokea kiongozi mmoja akawachukua vijana wote na kuanzisha klabu nyingine ng'ambo ya pili ya mji. Klabu iliyotaka kuwa na timu mbili hubaki na nusu ya timu moja.

Na liko jambo ambalo viongozi husahau kulitazama, nalo ni hali ya majirani. Klabu ya mji ikikusanya vijana 40 wakati wanaocheza ni 11 tu, vijiji vinavyouzunguka mji huo hubaki bila timu. Baada ya miaka miwili klabu hiyo hulalamika kwamba haina wa kucheza naye karibu, nayo ndiyo iliyowamaliza majirani zake.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya timu ya pili kuandikishwa katika ligi. Klabu ndogo huvutwa na fahari ya kuona jina lake likitokea mara mbili katika orodha za mashindano. Kisha hufika Jumapili ambayo timu zote mbili zina safari, moja kaskazini na nyingine kusini, na gari ni moja. Timu ya pili haiendi. Wenyeji wao hupewa ushindi wa bure, na vijana waliokwisha kupiga pasi jezi zao usiku hurudi nyumbani bila kucheza. Jambo hilo likitokea mara mbili au tatu, hawarudi tena.

Mifano ya kwingine

Mfano mkubwa wa Kenya ni Mathare. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kijulikanacho kama MYSA, kilianza mwaka 1987 katika mitaa ya maskini ya Nairobi. Watoto walicheza katika ligi za mtaani, na timu zilizofanya kazi ya kusafisha mitaa ziliongezewa pointi. Mwaka 1994 kutoka chama hicho ilizaliwa timu ya watu wazima, Mathare United. Timu hiyo ilitwaa kombe la taifa mwaka 1998 na tena mwaka 2000, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Klabu hiyo haikuwa na utajiri wa kununua wachezaji. Nguvu yake ilitoka kwa vijana waliokuwa chini yake, ambao kila mwaka walikuwa wakikua.

Lakini mfano huo usichukuliwe bila kupimwa. Mathare ni mahali penye watu wengi katika eneo dogo. Mtoto huko hutoka nyumbani kwa miguu, hucheza, akarudi kabla ya chakula cha jioni. Mtu akitaka kufanya vivyo hivyo Kitui kwa kuwasafirisha vijana kutoka Kyuso hadi Mutomo, fedha zitamwishia kabla ya mwezi kwisha. Fundisho la Mathare ni kuwatafuta vijana walio karibu na mlango wa klabu.

Uingereza kuna mfano wa namna nyingine. Klabu ya Brentford ya London, iliyokuwa ndogo ikilinganishwa na jirani zake, iliona kwamba watoto iliowafundisha tangu udogoni walichukuliwa na klabu kubwa kwa malipo kidogo. Mwaka 2016 ilifunga chuo chake cha watoto, na mahali pake ikaunda timu ya pili ya vijana waliokaribia utu uzima, wengi wao wakiwa ni wale walioachwa na klabu kubwa. Timu hiyo haikuingizwa katika ligi ya vijana. Ilitafutiwa michezo ya kirafiki, leo na timu hii, kesho na ile, kwa kadiri walimu walivyoona kwamba vijana wangefaidika. Mwaka 2021 Brentford ilipanda Ligi Kuu ya Uingereza, na mwaka uliofuata ikaamua kukirudisha chuo chake.

Ujerumani nako klabu za ligi za juu ziliondolewa sharti la kuwa na timu ya pili mwaka 2014, na klabu ya Bayer Leverkusen iliivunja timu yake ya pili mwaka huo huo. Ikiwa klabu tajiri namna hiyo iliona kwamba gharama zazidi faida, klabu ya Wote au ya Mwingi haina sababu ya kuona haya kuuliza swali hilo hilo.

Timu ya pili ya namna gani?

Ukiyapima maneno yote hayo, utaona kwamba wabishani wa pande mbili hawazungumzi juu ya kitu kimoja. Wanaoikataa wanaikataa timu ya ligi, yenye safari na gharama. Wanaoitaka wanataka mahali pa kijana kucheza na pa mchezaji wa akiba kujiweka tayari. Haja hii ya pili yaweza kutimizwa bila gharama ile ya kwanza. Kwa hiyo jibu ni kwamba klabu ndogo ya Kitui au Makueni yafaa iwe na timu ya pili, lakini timu hiyo isiandikishwe katika ligi, wala isipande gari.

Timu hiyo na icheze na shule, na vyuo, na timu za vijiji zilizo umbali wa kufikika kwa miguu au kwa baiskeli. Wakati wa likizo, ambapo wanafunzi wako nyumbani, michezo ya namna hiyo hupatikana kila juma. Hata timu za vijiji hufaidika, kwa kuwa hupata wa kucheza naye bila kunyang'anywa watu wao. Shuleni pia iwepo heshima. Mwanafunzi aliye katika muhula ni wa shule yake, na klabu imwendee mwalimu wake na mzazi wake kabla ya kumwita.

Idadi yake isiwe kubwa. Vijana 12 au 14, wa miaka 16 hadi 20, wanatosha, pamoja na wachezaji wa timu ya kwanza ambao juma hilo hawakupata nafasi au wanaotoka katika maradhi. Siku moja katika juma timu zote mbili zifanye mazoezi pamoja, ili kijana ajifunze mwendo wa wakubwa, na asiwe mgeni siku atakapoitwa. Klabu pia iweke kanuni, na kuitangaza, kwamba kila msimu vijana wawili angalau watapandishwa. Kijana anayeiona njia iko wazi hustahimili jezi iliyochakaa. Asiyeiona njia huondoka hata akipewa jezi mpya.

Mzigo wa mwalimu hupunguzwa kwa kumtumia mchezaji mzee wa klabu, aliyeanza kuchoka miguu lakini bado ana akili ya mpira. Katika kila mji yuko mtu wa namna hiyo. Apewe timu ya pili kwa jina lake, ajibu juu yake katika kila mkutano, na awe chini ya mwalimu mkuu. Hazina iwe moja na uongozi uwe mmoja, ili mlango wa fitina ufungwe.

Mwisho, karatasi ziwekwe sawasawa, jambo ambalo klabu ndogo hulidharau mno. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akihamishwa kwa fedha kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya fedha hizo hugawanywa kati ya klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Klabu iliyomwandikisha akiwa na miaka 16, 17 na 18 hupata nusu ya asilimia moja kwa kila mwaka. Mchezaji huyo akinunuliwa kwa shilingi 10,000,000, klabu hiyo ya kijijini ina haki ya shilingi 150,000, fedha ambazo zatosha kulipia safari nyingi. Lakini haki hiyo hudaiwa kwa ushahidi. Timu ya pili hata ikiwa haichezi ligi, vijana wake na waandikishwe kwa majina yao kamili na tarehe za kuzaliwa, katika klabu na katika chama cha mpira. Klabu isiyo na daftari itabaki ikisimulia tu kwamba kijana yule alikuwa wetu.

Bado iko klabu ambayo haifai kuanza hata timu ya namna hii. Ikiwa msimu uliopita timu ya kwanza ilishindwa kufika uwanjani kwa kukosa watu, au ikiwa hakuna hata mtu mmoja aliye tayari kuwasimamia vijana mwaka mzima, klabu hiyo na ingoje. Ifanye mapatano na shule au na timu ya kijiji iliyo karibu, iwape mipira miwili na siku moja ya mazoezi, na kwa njia hiyo iwajue vijana wake. Kuahidi timu kisha kuiacha huvunja moyo wa vijana kuliko kutoahidi kabisa.

Viongozi wanaojiandaa kwa mkutano wa mwaka wanaweza kuyapima mambo haya kwa maswali matatu: Ni nani atakayewasimamia vijana? Watacheza na nani bila kupanda gari? Na wangapi watapandishwa mwaka ujao? Klabu yenye majibu ya maswali hayo na ianze, hata ikiwa na mpira mmoja tu. Mvua za Oktoba zitakapokuja, na wachezaji watano wa timu ya kwanza wako shambani, matatu itaondoka ikiwa imejaa.